Safu Kumi na Moja Zisizoandikwa

Kijiji kizima cha Valdelobos kilijua kwamba tumbo la Eutimio Cabrejas ni bovu. Lilikuwa bovu kwa miaka arobaini na mmoja, na ubovu wenyewe ulikuwa na tabia zake. Lilikataa mvinyo wa mapangoni, likakataa mbavu za mwanakondoo zilizochomwa juu ya matawi makavu ya mzabibu, likakataa soseji za damu. Siku ya mtakatifu wa kijiji, wenzake wakiwa mezani vidole vinang'aa mafuta, mkewe Visi alimfunulia bakuli la wali mweupe uliochemshwa bila chumvi, naye akaula taratibu huku macho yamebaki kwenye sahani za watu. Walimwonea huruma. Mapadri wawili wamepita katika parokia ile, na wote wawili walimwombea.

Nisiwazungushe. Tumbo lile halikuwa na kitu. Lingeweza kusaga kokoto. Kilichokuwa kinamuuma Eutimio kilikuwa nje ya mwili wake, juu ya kilima cha Carrasquilla, katikati ya shamba la mizabibu la Acisclo Berzosa, na kila mwezi wa kumi kiligeuka chekundu mbele ya macho ya bonde zima.

Eutimio alikuwa mbebeshaji wa mizabibu. Huku kwetu mzabibu ni viumbe wawili. Mizizi ni ya mzabibu mkorofi usiozaa kitu cha maana, ila wadudu wa ardhini hawauwezi. Kichwa ni cha mzabibu mwingine, ule unaozaa zabibu unazozitaka. Mbebeshaji ndiye anayewaozesha hao wawili: anapasua shina, anachonga kijiti chenye macho mawili, anakichomeka, anafunga, anafukia udongo, anaondoka. Tatizo ni kwamba kijiti kisicho na jani hakisemi kimetoka kwa nani. Mwezi wa tatu vijiti vyote ni ndugu. Ni mpaka mwezi wa tano, majani yakifunguka, ndipo unajua umemleta nani shambani.

Miaka arobaini na mmoja iliyopita Eutimio alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na alikuwa anaoa Jumamosi. Acisclo, rafiki yake tangu walipokuwa wakiiba cheri pamoja, alikuwa amempa kazi ya kubebesha shamba lake jipya lote la Carrasquilla. Alitaka tinta tupu, zabibu ya bonde letu. "Nyingine yoyote sitaki kuiona," alisema, "hata kwa dawa."

Ndani ya pango lake Eutimio alikuwa amefukia mchangani mafungu mawili ya vijiti. Moja lilikuwa la tinta. La pili lilikuwa la alicante, alilojitafutia mwenyewe kwa ajili ya kashamba kake ka nyuma ya nyumba. Zabibu nyeusi nyingi ukiziminya zinatoa maji meupe tu, rangi yote iko kwenye ganda. Alicante ukiiminya inakutolea damu kiganjani. Watu wa zamani waliichanganya kidogo ili mvinyo usipauke, na wengi wao hawakumwambia mtu.

Jumatano alifungua mafungu yote mawili ayaloweke, akayaweka pande mbili za beseni la jiwe, tinta kulia, alicante kushoto. Mara akaitwa kwa fundi akapimwe koti la harusi. Aliporudi aliingia kwa mlango wa juu badala ya ule wa chini, kichwani mna vifungo vya koti na macho ya Visi, akachukua fungu la kulia. Sasa ukiingia kwa mlango wa juu, kulia kwako ni kushoto kwa yule aliyeingia kwa mlango wa chini. Hesabu ya mtoto wa chekechea hiyo, na mtu mzima ambaye mikono yake ilisifiwa mpaka ng'ambo ya mto Duero ikampita. Siku ile alibebesha safu kumi na moja katikati ya shamba la rafiki yake huku akipiga mluzi.

Aligundua mwezi wa tano, nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Pale alipokuwa akingoja majani ya alicante yalifunguka majani ya tinta, mazuri, ya kijani, hayana hatia. Eutimio aligeuza ndoo akaikalia. Kama tinta iko hapa, alicante iko wapi? Jibu alikuwa nalo. Alipanda Carrasquilla kwa njia ya mbuzi, akatazama, akashuka bila kusema na mtu.

Angesema siku ile, yote yangekuwa kicheko cha mwaka mmoja. Angekata vichwa vya safu zile kumi na moja na kubebesha upya mwaka uliofuata, Acisclo angemtukana mpaka koo limkauke, halafu wangekula. Lakini Eutimio alikuwa na jina, na zaidi ya jina hakuwa na mali. Mbebeshaji anayekuletea usichoomba ni kama mkunga anayebadilisha watoto, nani atamwita tena? Akajiambia atasema Jumapili. Jumapili ikapita na maneno yake, ikaja nyingine. Mizabibu ikazaa. Zabibu za Acisclo zikawa zinakwenda kwenye kiwanda cha mvinyo kilicho kando ya barabara kuu, kiwanda kilichoandika kwenye chupa zake jina moja tu, tinta, na karatasi ya shamba iliyokuwa kwenye baraza la mvinyo, wasimamizi wa zabibu za bonde zima, nayo ikasema vivyo hivyo. Alicante ikanywewa mezani Madrid na Bilbao bila kuandikwa popote.

Basi mwaka ule ule ndipo tumbo lilipoanza. Kila familia huku ina pango lake la mvinyo, limechimbwa kilimani nyuma ya kijiji, na rafiki akikualika pangoni kwake huna pa kukwepea. Utakaa, utakunywa alichokivuna, utamtazama usoni. Eutimio hakuweza. Mara ya kwanza alipoalikwa na Acisclo alisema tumbo linamsumbua. Mara ya pili, tumbo tena. Uongo ukishasemwa mara mbili unadai kutunzwa, kwa hiyo akaacha kula mbavu hata kwenye karamu za wengine, maana maneno hufika. Acisclo hakuchoka. Alimwalika kila mwaka baada ya mavuno mpaka mwaka aliokufa, na sasa ni miaka tisa. Siku ya mazishi Eutimio alishika jeneza upande wa mbele na alilia kuliko watoto wa marehemu.

Mwezi wa kumi ndio ulikuwa mbaya zaidi. Majani ya tinta hupauka kwa rangi ya kutu na njano. Ya alicante huwaka mekundu, mekundu ya pilipili iliyoiva, na pale juu ya Carrasquilla yalichora mstatili ambao hata dereva wa basi aliuona. Eutimio alijitungia njia. Akienda kijijini alizunguka kwa barabara ya makaburini, ambayo ni ndefu mara mbili, ili asikione kilima. Kwa kuwa yeye hakitazami, aliamini hakuna anayekitazama. Mtu mzima, akili timamu!

Mwaka wa arobaini na mmoja habari aliipata Jumatatu, kwenye baa ya Saturio, akiwa na kikombe chake cha chai ya maua ambayo hakuipenda hata siku moja.

"Alhamisi anakuja binti wa baraza la mvinyo," Saturio alisema akifuta kaunta. "Anapita mashamba ya zamani, mzabibu kwa mzabibu. Anaanza Carrasquilla, kwa Leoncia wa Acisclo."

"Anatafuta nini?" Eutimio aliuliza.

"Anatazama nani ni nani. Ng'ambo ya mto wamemkuta mzee mmoja ana zabibu ambazo hazimo kwenye karatasi. Unajua shamba limekwenda wapi? Limeng'olewa. Lote, bwana! Saa hizi pana lozi."

Eutimio aliweka kikombe chini. Leoncia, mjane wa Acisclo, alikuwa na miaka sabini na minane na shamba hilo moja. Mjukuu wake, Aroa, alikuwa ameacha kazi Bilbao ili baada ya Krismasi aje alichukue. Ukiondoa Aroa, hakuna kijana hata mmoja aliyekuwa anarudi Valdelobos kwa mwaka huo wala ule uliopita. Shamba likifutwa kwenye orodha, msichana atarudi kulima nini? Kuni?

"Mzee, tumbo hilo," Saturio alisema akimtazama. "Umebadilika rangi."

"Ndiyo," alisema Eutimio. "Tumbo."

Alhamisi asubuhi alivaa koti lake la mazishi, akatia mfukoni kisu chake cha kubebeshea, kile chenye mpini wa pembe. Visi alimkuta mlangoni.

"Unakwenda wapi na koti hilo?"

"Kwa Leoncia."

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Bado," alisema Eutimio, akatoka.

Leoncia alikuwa jikoni anamenya pilipili alizochoma usiku, vidole vyekundu mpaka kwenye kifundo. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nene, na hakuwa mtu wa kuacha kazi yake ili amsikilize mgeni.

"Ingia, Eutimio. Kaa. Nikupe maji ya moto, kwa ajili ya tumbo?"

"Dada Leoncia, sikai." Aliuvua mkono wa koti, akauvaa tena. "Nina neno. Nikikaa sitalisema. Shamba lenu la Carrasquilla, zile safu kumi na moja za katikati, si tinta. Ni alicante. Nilikosea fungu, wiki ya harusi yangu. Nimejua tangu mwaka ule ule na sikumwambia Acisclo, nikamwacha akafa hajui. Leo huyo binti ataziona na shamba litafutwa kwa ajili yangu. Nimekuja na kisu. Nitazikata zote na kubebesha upya mwezi wa tatu, bure, hata kama nitatambaa kwa magoti. Ila kwanza nitamwambia binti kwamba wewe huna kosa. Basi. Nimemaliza."

Leoncia alimenya pilipili moja, akaitoa mbegu, akaiweka kwenye sahani.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hebu njoo hapa dirishani. Njoo, siumi."

Eutimio akasogea. Dirisha la jiko lilikuwa juu ya sinki, na ndani ya fremu yake, kana kwamba fundi alikuwa amelipimia, kilikaa kilima cha Carrasquilla na mstatili wake mwekundu.

"Unaona nini?"

"Wekundu," alisema Eutimio kwa sauti ndogo.

"Haya. Mimi nimeosha vyombo mbele ya wekundu huo kwa miaka arobaini na mmoja. Ulidhani nadhani ni nini? Nguo zimeanikwa?"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika sinki, akafuta machozi kwa mkono wenye pilipili, akapiga kelele, akaosha macho, akaendelea kucheka. Eutimio alisimama pale na koti lake la mazishi, na hatimaye akakaa bila kuambiwa.

"Mlijua?"

"Mwana wewe! Kuna mtu bonde hili asiyejua jani la alicante? Acisclo aliliona mwezi wa tano ule ule. Alishuka kilimani anafoka, akachukua panga la kupogolea, akaja nyumbani kwenu kukutoa roho. Hukuwepo. Visi ndiye aliyefungua mlango, bibi harusi wa miezi miwili. Akamkaribisha, akampa kahawa na biskuti, akamwambia, 'Shemeji, mume wangu haongelei kitu ila shamba lako, anasema hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile.' Basi hilo dume langu likala biskuti sita, likarudi na panga lake. Nikamuuliza, umemwambia? Akasema, nimwambieje, mkewe amefurahi vile?"

"Na baadaye?"

"Baadaye zikazaa, mvinyo ukatoka mweusi kama wino, mnunuzi akawa anachekelea, hasira ikaisha. Akasema, 'Leoncia, tumngoje. Atakuja mwenyewe kusema, tutacheka, tutakula.' Ndiyo maana alikuwa anakualika. Kila mwaka! Na wewe kila mwaka, tumbo. Alikuwa akirudi kutoka kwako anasema, 'Tumbo la Eutimio limejaa shamba langu. Siku akilitapika nitachinja kondoo.'"

Eutimio alifunika uso kwa mikono. Alihisi nafuu kiasi cha kutaka kulala pale pale mezani, kati ya pilipili, na ndani ya nafuu hiyo kulikuwa na kitu kilichomchoma.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukumwambia?"

"Wanaume wa kijiji hiki," alisema akirudi kwenye pilipili zake, "mngekuwa mabubu kweli tungejua moja."

Ndipo gari likasimama nje.

Binti wa baraza la mvinyo aliitwa Nerea. Alikuwa na viatu vya matope, kofia ya kuchekesha, na kishikwambi alichokibeba kifuani kama mtoto. Walipanda kilimani wote watatu, Leoncia na fimbo yake mbele. Eutimio alikuwa hajaikanyaga Carrasquilla tangu siku ile ya njia ya mbuzi. Mizabibu ilikuwa imenenepa, kila mmoja na kishina chake kifupi kilichojikunja, na alitembea katikati yake akiwa ameshika kofia mkononi.

Nerea alipita safu moja baada ya nyingine akinong'ona. "Tinta. Tinta. Tinta. Huu mweupe, albillo, umefikaje? Tinta." Walipofika kwenye wekundu akasimama. Chini ya majani palikuwa na kichala kidogo ambacho wavunaji walikisahau. Alichuma zabibu moja akaiminya. Damu ikamtiririka kidoleni.

"Alicante," alisema. Akahesabu kwa macho. "Safu kumi na moja. Kwenye karatasi hazimo."

"Hazimo," alisema Leoncia.

"Nani aliyebebesha hapa? Kuna mahali pa kujaza jina."

Leoncia alijibu hata kabla ya swali kukauka. "Marehemu mume wangu. Mwenyewe, kwa mikono yake, na mikono yenyewe ilikuwa mibovu. Andika Acisclo Berzosa, binti yangu, yeye hadhuriki tena."

Alisema hivyo akitazama mbele, fimbo imekita ardhini, na Eutimio akaelewa anachopewa. Alikuwa amepewa zawadi hiyo kwa miaka arobaini na mmoja bila kujua, sasa anapewa tena, waziwazi. Angenyamaza, mambo yangeishia hapo. Acisclo asingeweza kubisha.

"Si yeye," alisema Eutimio. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni mimi. Aliniomba tinta, nikampa alicante. Nilikosea fungu. Andika Eutimio Cabrejas, mbebeshaji."

Nerea aliandika. Jina liliandikwa polepole, kwa kidole kimoja, na Eutimio aliitazama kila herufi ikiingia.

"Sasa shamba litang'olewa lini?" aliuliza.

"Ling'olewe kwa nini?"

"Kama lile la ng'ambo ya mto."

"La mzee wa lozi?" Nerea aliguna. "Yule aling'oa mwenyewe! Nilimbembeleza siku mbili asing'oe, akanifukuza na mbwa. Mzee, mimi sikutumwa kung'oa. Nimetumwa kuandika kilichomo. Tangu mwezi wa sita nimepita mashamba ya wazee mpaka soli imeisha, na sijakuta hata moja lenye aina moja kama karatasi inavyodai. Mnaandikisha tinta tupu, halafu nakuta albillo, garnacha, na nyingine hata mwenye shamba haijui. Hapa pana alicante, itaandikwa alicante. Kiwanda kitaambiwa kibadilishe maneno mgongoni mwa chupa. Basi."

"Basi?"

"Basi. Na wakijua ni mizabibu ya umri huu watairingia."

Eutimio alimtazama Leoncia, Leoncia akatazama mawingu. Binti alikuwa amepiga magoti kwenye mzabibu mmoja, anafukua udongo kwa vidole mpaka pale kichwa kilipokutana na mizizi. Alipapasa kiungo. Akaenda kwa wa pili, akafukua, akapapasa. Akaenda wa tatu.

"Mzee, njoo," alisema. "Sijaona pengo. Safu zote kumi na moja, hakuna uliokufa. Nimeona mashamba ya vijana, miaka kumi tu, nusu imekauka kwenye kiungo. Wewe ulifungaje?"

Eutimio alitoa kisu chenye mpini wa pembe. Akashuka chini goti moja, kisha la pili, koti la mazishi likaingia udongoni, akachukua kijiti akakichonga kwa mikato miwili. "Usipasue kwa nguvu," alisema. "Shina lipasuke lenyewe, wewe unalionyesha tu." Alieleza kwa muda mrefu. Hakukumbuka mara ya mwisho alipoieleza kazi ile bila kuogopa kwamba anayesikiliza atauliza kuhusu Carrasquilla.

Mchana Leoncia alifungua pango. Binti alikuwa na shamba jingine la kukagua, akaondoka na mfuko wa pilipili. Visi alifika akiwa amesikia nusu ya habari njiani, na mkononi, kwa mazoea, alikuwa na bakuli la wali limefungwa kwa kitambaa. Leoncia alishatia moto kwenye matawi makavu ya mzabibu, na mbavu za mwanakondoo zilikuwa zinalia juu ya wavu.

"Chukua taa uteke mvinyo," alimwambia Eutimio. "Pipa dogo la mwisho."

Eutimio aliteremka ngazi za udongo. Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ile ile ya ujana wake. Mapipa makubwa yaliandikwa kwa chaki, kama ilivyo desturi, mwaka na jina la shamba. Lile dogo la mwisho halikuwa na mwaka. Liliandikwa jina moja tu, kwa herufi kubwa zilizorudiwa na kurudiwa mpaka chaki imekuwa nene: EUTIMIO.

Alisimama na taa.

"Kila mavuno alikuwa anatenga kikapu kimoja cha zile safu," Leoncia alisema nyuma yake, akiwa kwenye ngazi. "Za nyumbani. Alikuwa anasema, leteni jagi la Eutimio. Alipokufa nikaendelea mimi, na chaki ikififia naiandika tena. Kila mgeni wa pango hili amekunywa Eutimio. Mapadri wote wawili wamekunywa Eutimio, na walikuombea tumbo wakiwa na glasi yake mkononi."

Eutimio aligusa herufi, zikamwachia weupe kidoleni. Alilia bila kuficha, kwa kishindo, kama siku ya jeneza, ila safari hii alikuwa anacheka pia, na taa ilikuwa inayumba mpaka Leoncia akamnyang'anya asije akawasha pango.

Alikunywa glasi ya kwanza akiwa amesimama. Ulikuwa mweusi, mzito, una ukali kidogo mwishoni. Ulikuwa mzuri. Hilo hakuwahi kuliwaza, kwamba kosa lake lingekuwa na ladha nzuri.

Visi ndiye aliyekuwa bado hajaelewa. Alikuwa amekaa kwenye benchi, bakuli mapajani, anatazama moto na kupanga mambo kichwani, na uso ulikuwa unabadilika taratibu.

"Kwa hiyo tumbo," alisema.

Leoncia akageuza mbavu kwenye wavu.

"Kwa hiyo tumbo, Eutimio. Halikuwepo."

"Visi, mke wangu..."

"Miaka arobaini na mmoja nachemsha wali!"

"Visi..."

"Bila chumvi!"

Alisimama, akaenda mlangoni, akaumwaga wali wote nje kwa kuku wa jirani, akarudi. Kisha akachukua ubavu ulionona kuliko zote kwenye wavu na kumtia mumewe mkononi, moto hivyo hivyo, aungue. Eutimio alikula. Alikula na wa pili, na wa saba, mafuta yanamshuka kwenye kidevu mpaka shingoni, na Visi alimkatia mkate huku akimtukana kwa upole.

"Na tumbo je?" aliuliza Leoncia.

"Limepona."

"Lini?"

"Leo asubuhi. Jikoni kwako."

Walirudi nyumbani jua likiwa bado juu, kwa njia fupi, ile inayopita chini ya Carrasquilla. Kilima kilikuwa chekundu mbele yao na Eutimio alikitazama chote. Walipofika kwenye njia panda akasimama, akamwachia Visi mkono.

"Tangulia. Mimi napita kwa barabara ya makaburini."

"Ya nini tena? Si umeshamaliza kujificha?"

"Nina maneno na Acisclo." Alifuta kidevu kwa mkono wa koti la mazishi. "Alijua wakati wote, akaniacha. Namtukana mpaka koo likauke."

Visi alimtazama anavyokwenda, mwepesi, udongo kwenye magoti.

"Mwambie na mimi nakuja Jumapili!" alimpigia kelele. "Nina yangu ya wali!"